Barua kwa mwanangu: sakoma ya baba yako mdogo

Marahaba mwanangu, sisi huku Dodoma wazima, ni upepo na vumbi tu. Meseji yako ya jana usiku nimeisoma mara mbili. Unauliza baba yako mdogo kaandikiwa sakoma, yaani aina ya kansa, kwenye majibu, je ndo ana ukimwi anatuficha, alafu sakoma ziko aina ngapi na ipi inashika watu wengi. Nakuandikia maana kwenye simu utanikatiza.

Hana ukimwi. Najua umelitoa wapi, kwetu ukisema sakoma mtu anawaza Kaposi, ile inayowapata sana wenye ukimwi, na mimi kwenye unesi wangu nimewahudumia wengi sana wa Kaposi enzi zile ARV hazijaenea, unakuta madoa rangi ya zambarau lililoiva kwenye nyayo, mguu umevimba umekuwa mgumu kama gogo. Ile inaletwa na kirusi kinaitwa HHV-8, HIV ikishusha kinga kinapata upenyo. Afrika Mashariki ndo sakoma tunayoijua, wakati Ulaya na Marekani ni adimu na mara nyingi wakihesabu sakoma wanaiweka pembeni. Na hata hiyo Kaposi ilikuwepo kabla ya ukimwi, Moritz Kaposi aliieleza mwaka 1872, kwaio hata mwenye Kaposi usimhukumu.

Ya baba yako mdogo ni liposakoma, inaanzia kwenye seli za mafuta, na HIV haihusiki kabisa. Sakoma ni jina la ukoo tu mwanangu, kansa za misuli, mafuta, mishipa na kadhalika, aina zake zinapita 50, na zote ukizijumlisha kwa watu wazima ni kama 1 kwenye kansa 100 kwa nchi zinazohesabu vizuri. Kwa wakubwa zinazoonekana zaidi ni hiyo ya kwake, leiomiosakoma ya misuli laini kama ya kizazi, na ile ambayo seli zimevurugika mpaka maabara wanashindwa kujua zilianzia wapi. Tumboni kuna GIST, sakoma inayoanzia kwenye ukuta wa tumbo au utumbo, nayo sio chache. Watoto ni rabdomiosakoma, karibu nusu ya sakoma zao za nyama laini. Ile wanaiita ya sinovio, jina la utando wa kwenye viungo, inapenda vijana, inatokea karibu na goti, ndo maana wengi wanadhani ni jeraha la mpira.

Sasa kinachoniuma. Ule uvimbe ulianza pajani kama zabibu moja, kila mtu akasema mafuta tu, na sikulaumu aliyesema hivyo maana vivimbe visivyo kansa ni vingi kuliko sakoma kama mara 100. Ila ulikua mpaka saizi ya embe dodo, akaenda mahali flani wakaukata mchana mmoja, wakashona, nyama wakatupa. Hakuna kichupa cha fomalini, ile dawa ya kutunza nyama ya kupima, hakuna kilichoenda maabara! Mimi naambiwa kidonda kimeshapona. Mwaka haujaisha ukarudi palepale kwenye kovu, safari hii mgumu na uko ndani ya msuli, ndo hospitali nyingine wakachukua kinyama kwa sindano nene na majibu yakaja hayo. Uvimbe ukizidi sentimita 5, au unakua, au uko ndani sana, kipimo kwanza kisu baadae, hili nilikuwa nalijua na sikumuuliza, nilikuwa shambani Mvumi kwenye mtama.

Jumatatu anakuja huko Dar na treni, ana rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa. Nenda umpokee stesheni, mguu unamsumbua kwenye ngazi. Angalia wasisahau kipimo cha picha cha CT ya kifua maana hii ikihama inapenda mapafu, na abebe karatasi ya majibu yenyewe, sio picha ya kwenye simu.

Na kama hilo la ukimwi ulishamwambia shangazi yako, mpigie leo kabla hajalifikisha kijijini.

Mama yako