Uliza Fundi: Mdukuzi aliyefanya kazi ya FBI

SWALI: Shikamoo mzee. Tumebishana kijiweni. Mwenzangu anasema mdukuzi, yaani mtu anayeingia kwenye kompyuta za watu bila ruhusa, akikamatwa, dawa ni polisi kumtumia awanase wenzake, na eti Wamarekani walifanya hivyo zamani. Ni kweli? Na iliwasaidia?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli walifanya, tena kabla wengi wetu hatujaisikia intaneti. Mtu mwenyewe ni Justin Petersen wa Los Angeles, aliyejiita Agent Steal.

Nimeshinda kwenye mitambo ya simu miaka 22, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo. Redio KIIS-FM ilikuwa inatoa gari la Porsche kwa mtu wa 102 kupiga simu. Kevin Poulsen, mwenzake Petersen, alishaingia kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Akazifunga laini za studio, simu za watu zisipite, ila zake tu. Juni 1990 akawa mpigaji wa 102 na gari akalichukua. Petersen naye alikuja kukiri mahakamani kwamba alichezea shindano la redio.

Nawafikiria wale waliopiga kwa haki. Mama yuko jikoni, kabana simu begani, anabonyeza namba tena na tena, anajiona hana bahati. Laini mbovu fundi huijua kwa mkwaruzo wake. Iliyofungwa namna ile hutoa mlio ule ule wa simu inayotumika, na mama wa watu hawezi kujua kwamba ameibiwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1991 Petersen alikamatwa Texas. Kesi ikahamishiwa California, akaachiwa, akaanza kuwapelekea FBI, yaani wapelelezi wa serikali ya Marekani, habari za wadukuzi wenzake, akiwemo Kevin Mitnick. Mitnick alishtuka mapema, akamchunguza mchunguzi wake mpaka akajua anamtumikia nani, kisha akatoroka. Alikuja kunaswa Februari 1995 mjini Raleigh, baada ya mtaalamu wa kompyuta, Tsutomu Shimomura, kusaidia kufuatilia mawimbi ya simu yake ya mkononi. Petersen wakati huo alikuwa mahabusu.

Ndiyo, mahabusu, kwa sababu wizi hakuuacha. Oktoba 1993 mwendesha mashtaka alimuuliza ana kwa ana kama bado anavunja sheria. Akaomba kwanza azungumze na wakili wake, akatoka nje, akatokomea. Agosti 1994, akiwa bado mtoro, alihamisha kwa kompyuta dola 150,000 za kampuni ya Heller Financial, na ili wafanyakazi wasishtukie, akapiga simu za kutishia kwamba kuna bomu. Watu waliokwenda kazini kutafuta riziki, wanaambiwa jengo litalipuka! Mwezi huo huo akakamatwa, na mwaka 1995 akahukumiwa kifungo cha miezi 41.

Kwa hiyo mwenzako ana ukweli nusu. Polisi kutumia watoa habari ni jambo la kawaida, sina ugomvi nalo. Ninachokilaumu ni kumwacha mtu kama yule na kompyuta na simu bila msimamizi anayeujua ufundi wake. Mkikutana tena kijiweni, muulize: huyo mdukuzi akishakaa kwenye kompyuta ya polisi, nani atakaa pembeni yake anayeelewa anachoandika?