Malisho ya Haidroponiki: Majibu kwa Maswali ya Wafugaji

Malisho ya haidroponiki ni miche ya nafaka inayooteshwa kwenye trei kwa maji bila udongo, kisha mifugo hulishwa ikiwa mibichi.

Je, ni kweli kwamba kilo moja ya shayiri hutoa kilo saba za malisho kwa wiki moja?

Kwa mizani ni kweli, ila mizani hupima na maji. Kilo moja ya nafaka kavu ina takriban gramu 900 za chakula chenyewe, ilhali kilo saba za miche yenye maji kwa asilimia 88 zikikaushwa hubaki gramu 840, kwa kuwa punje inapochipua hutumia sehemu ya wanga wake ili ikue. Kinachopatikana ni ubichi, vitamini na ulaini, wala si wingi wa chakula, na kwa maoni yangu mfugaji mwenye nyasi za kutosha hana haja ya kujisumbua.

Naweza kutumia mbegu za kupandia zilizotiwa dawa?

Hapana, hata zikioshwa. Epuka pia mtama, kwa sababu miche yake michanga huzalisha sumu kali iitwayo sianidi.

Trei zangu hupata ukungu kila mara. Nifanyeje?

Anza na nafaka yenyewe, kwani punje iliyovunjika haichipui bali huoza na kuwaambukiza jirani zake. Zipepete, ziloweke kwa muda mfupi katika maji yenye klorini kidogo, zisuuze vizuri, kisha ziloweke katika maji safi kwa saa 12 hadi 24. Trei ziwe na matundu na mwinamo ili maji yasituame, punje zitandazwe kwa tabaka jembamba, hewa ipite, na kila baada ya kuvuna trei zisuguliwe. Trei iliyoota ukungu itupwe yote, maana kuvu huwa limekwisha kupenya kwenye mizizi iliyosukana kabla halijaonekana juu, na baadhi ya sumukuvu humfanya ng'ombe atetemeke, apooze na hata kufa.

Nitie mbolea gani?

Kwa siku saba hakuna haja. Akiba iliyomo ndani ya punje hutosha.

Ng'ombe anaweza kulishwa miche hii peke yake?

Ng'ombe wa kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 za chakula kikavu kwa siku, kiasi ambacho angekipata kwa kula zaidi ya kilo 80 za miche mibichi. Mpe kwanza nyasi kavu, ambazo nyuzinyuzi zake humwezesha kucheua ipasavyo, kisha umwongezee miche kidogo kidogo kwa siku kadhaa hadi tumbo lizoee.