Muda umekwisha, ujumbe bado umo kwenye foleni ya RabbitMQ

Ndugu, nimekuelewa: kwenye RabbitMQ, programu inayohifadhi ujumbe kwenye foleni hadi upokewe, kila ujumbe wa namba ya uthibitisho umeupa dakika 2, lakini nusu saa baadaye hesabu ya foleni haijashuka. RabbitMQ yako ni nzima. Muda ukiandikwa kwenye ujumbe mmoja mmoja, ujumbe uliokwisha muda hutupwa pale tu unapofika mbele ya foleni. Ukitanguliwa na ujumbe uliopewa muda wa saa 1, utasubiri nyuma yake. Mpokeaji hataletewa, ila kumbukumbu ya seva inaliwa.

Mimi hutenga foleni kwa kila muda, kisha naweka x-message-ttl (muda wa ujumbe kuishi) kwenye foleni yenyewe: 120000, maana ni milisekunde. Foleni iliyopo usiitangaze upya kwa thamani nyingine, utakataliwa, tumia sera (policy), yaani mpangilio unaowekwa kwenye seva bila kuitangaza foleni upya. Na ukigawa ujumbe kwa mada, kila foleni inayolingana na mada hiyo hupata nakala yake, hivyo kila moja iwekee muda wake.

Tafadhali, weka x-dead-letter-exchange kwanza, yaani mahali pa kupeleka ujumbe uliokwisha muda! Bila hiyo ujumbe huo hupotea kabisa. Sera huenda ikagusa hata ujumbe uliokwishaingia kwenye foleni, kwa hiyo kama humo mna malipo, mshirikishe msimamizi wa seva kabla hujagusa chochote.