Maswali Yenu: Kuandaa Siku ya Amani Katika Kartie

Septemba ikikaribia, barua zinazotufikia kutoka pande zote za Lubumbashi zinafanana. Vijana, akina mama wa parokia na walimu wanataka kuandaa kitu tarehe 21 Septemba, Siku ya Kimataifa ya Amani, au tarehe 2 Oktoba, siku aliyozaliwa Gandhi wa India, ambayo tangu 2007 Umoja wa Mataifa umeifanya siku ya kukataa matumizi ya nguvu. Tumechagua barua tano. Tatu kati yake tumezijibu kwa urefu, kwa sababu zinagusa mambo yanayoiharibu siku nzima yasipotazamwa mapema.

Sisi ni vijana wa Katuba. Tarehe 2 Oktoba tunataka kutembea mpaka Poste, watu kama mia tatu. Wengine wanasema lazima ruhusa, wengine wanasema katiba imetupa haki. Mutufasirie, na mutuambie tuanzie wapi.
*Mwenyekiti wa kikundi, Katuba*

Ndugu mwenyekiti, anzeni na barua. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinahakikisha haki ya kuandamana, na kinawadai waandaaji waijulishe kwa maandishi mamlaka inayohusika. Kujulisha si kuomba. Andikeni "tunawajulisha". Ukiandika "tunaomba ruhusa", umemfungulia mtu mlango wa kukunyima. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kulazimishwa kuandamana, na mkuu wa shule anayetaka kutoa madarasa yote ili safu ionekane ndefu akumbushwe hilo kwa heshima.

Barua iwe ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kuanza na saa ya kutawanyika, mahali pa kukusanyika, kila barabara kwa jina na kwa mfuatano wake, idadi ya watu, kama kuna sono (vipaza sauti) au hakuna, kisha majina na namba za simu za watu watatu wanaowajibika. Kwa kuwa mnavuka komini zaidi ya moja, ielekezeni kwa meya, na nakala kwa bugumestre, mkuu wa komini, wa kila komini na kwa kamanda wa polisi. Kila nakala mnayobaki nayo iwe na mhuri wa mapokezi na tarehe. Siku yenyewe nakala mbili zenye mhuri zikae mifukoni mwa watu wawili wasiotembea pamoja, maana yule mwenye karatasi ndiye huwa hayupo inapohitajika. Ipelekeni wiki mbili kabla. Gandhi mwenyewe alimwandikia mtawala wa Kiingereza tarehe 2 Machi 1930 kumweleza anachokusudia, akaanza matembezi yake ya chumvi, ya kupinga kodi ya chumvi, tarehe 12. Hakuwavizia.

Na hakuanza na umati. Alitoka na watu 78 waliozoea nidhamu ya pamoja, wengine wakajiunga njiani. Kwenu ninyi, watu 300 wanahitaji wasimamizi 20, yaani mmoja kwa kila watu 15, wenye kitambaa cha rangi moja mkononi, rangi isiyo ya chama chochote. Watu wanne kwa kila mstari watafanya mistari 75, safu ya kama mita 110. Mtu wa mbele hamwoni wa nyuma, kwa hiyo mweke msimamizi wa kichwa, wa katikati na wa mkia wenye simu zilizojaa chaji na vocha. Mwendo ufuate anayetembea polepole kuliko wote. Watoto wasitangulizwe mbele, hata kama picha inapendeza.

Wasimamizi wafanye mazoezi mara mbili kabla ya siku hiyo. Gawanyeni kikundi nusu kwa nusu, nusu wapige kelele, watukane, wavute banderole, na nusu wajifunze kutojibu. Dakika 20, kisha mbadilishane. Hapo ndipo utagundua nani ana ulimi mzuri lakini ngumi iko karibu, na huyo mpe kazi ya maji. Wakubaliane amri tatu tu: jiwe likitupwa, wimbo unanyamaza na mistari inasogeleana; hakuna anayekimbia, kwa sababu mmoja akikimbia wote watakimbia bila kujua wanakimbia nini; polisi wakisimamisha safu, watu wawili waliochaguliwa ndio wanaoongea, wengine wanakaa chini palepale. Watu waliokaa chini ni vigumu kuwaita wenye fujo.

Saa ina uzito pia. Oktoba ndio mwezi wa joto kali kwetu kabla mvua haijaanza. Ondokeni saa moja asubuhi, mkitawanyika kabla ya saa nne. Mkipita komini ya Kenya msiingie kwenye msongamano wa soko: mama aliyepanga nyanya chini hatawasamehe wakizikanyaga, na ana haki. Maji: nusu lita kwa kila mtu ni lita 150, yaani bido nane za lita 20, nne katikati ya njia na nne mwishoni. Kila mtu aje na kikombe chake. Kikombe kimoja cha kupokezana ni njia ya kipindupindu.

Hapa Ruashi watoto wa upande wetu na wa kartie ya ngambo wanachezaka mpira wa amani kila likizo. Kila mara unamalizikaka na mawe. Sasa mtoto mmoja amepasuliwa kichwa. Tuache?
*Mama wa watoto wanne, Ruashi*

Pole sana, Mama. Msiache. Badilisheni namna ya kucheza. Kartie moja dhidi ya kartie nyingine, kombe moja, mwamuzi anayeshukiwa na upande mmoja: mechi ya hivyo inachukua ugomvi uliokuwepo na kuuvisha jezi.

Kuna njia iliyozaliwa Medellín, Colombia, baada ya mchezaji wa taifa Andrés Escobar kupigwa risasi na kufa mwaka 1994. Mechi ina vipindi vitatu na haina mwamuzi. Timu zinachanganywa. Kwenu iwe wachezaji sita kwa timu, watatu wa upande huu na watatu wa ngambo, na angalau wasichana wawili. Kata tereni iwe ndogo, kama mita 30 kwa 20. Nje ya mstari wanasimama wapatanishi wawili, mmoja wa kila upande, bila filimbi.

Kipindi cha kwanza ni maneno, dakika 15. Timu mbili zinakubaliana sheria zisizozidi tatu juu ya zile za kawaida. Ile ya Medellín ni nzuri kuanzia: goli la kwanza la timu lazima lifungwe na msichana, la sivyo ya wavulana hayahesabiwi. Wavulana ambao hawajawahi kumpa dada pasi hata moja wataanza kumtafuta uwanjani. Kipindi cha pili ni mpira, dakika 14. Aliyecheza rafu ananyosha mkono mwenyewe.

Cha tatu ni dakika 12, na ndicho chenye kazi. Wachezaji 12 wanakaa chini, mmoja wa timu hii, mmoja wa ile, mpaka duara lifunge. Mpira unawekwa katikati, na anayetaka kusema anauchukua na kuupakata. Mtoto akisema "wananisukumaka", mpatanishi anauliza: nani, saa ngapi, ulikuwa na mpira ao hapana? Swali linashuka kutoka "wao" mpaka kwa mtu mmoja, na yule mmoja yuko hapo, anatazama vidole vya miguu yake. Anapewa mpira ajibu. Kisha kila timu inaipa nyingine pointi za heshima, sifuri mpaka tatu, na kueleza kwa nini. Zinajumlishwa na za uwanjani: kushinda 3, sare 2, kushindwa 1. Timu iliyofungwa inaweza kuongoza, na watoto huelewa haraka hesabu hiyo inataka nini kwao.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni muda. Mechi moja na mabadiliko ni dakika 45, na timu nne zikikutana zote ni mechi sita, saa nne na nusu. Mkianza saa tisa mchana giza litawakuta, na kitakachokatwa ni kipindi cha tatu, kisha mtashangaa mawe yamerudi. Anzeni saa mbili asubuhi. La pili ni watu wazima wanaoweka dau na kupiga kelele mstarini. Vuteni kamba mita tano kutoka uwanjani, na zungumzeni mapema na chefu wa kartie ili siku hiyo lutuku, pombe kali ya kienyeji, isiuzwe karibu. La tatu ni zawadi. Msitoe kombe. Nunueni mipira miwili, mmoja kwa kila upande, na mpike pamoja: upande mmoja ulete unga wa bukari, mwingine ulete sombe na samaki, wasiweze kula bila wenzao.

Na watoto wakishindwa kupatana, msiwalazimishe kushikana mikono mbele ya kamera. Andikeni kilichobaki, pangeni siku ndani ya wiki hiyo, wazazi wa pande zote mbili wawepo.

Nilifanya kazi Likasi. Kamati ya parokia inaandaa siku ya amani na inaniomba niseme juu ya 1992. Wengine wanasema kuyafufua ni kuleta moto. Niseme ao ninyamaze?
*Mzee, Kampemba*

Baba, vijana wengi wa leo wamepokea yale mambo nusu nusu, kwa hasira ya waliowasimulia. Useme, lakini si kwenye sono.

Kinachojulikana ni hiki. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Kitaifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz a Karl-i-Bond wa Katanga. Ugomvi wa wakubwa ukashuka mpaka mitaani. Likasi, kisha Kolwezi mwaka 1993, jamaa za Kikasai zilifukuzwa majumbani, na watu wengi walilala kwenye stesheni wiki na miezi wakingoja treni. Kabla ya hapo lilikuja neno: jirani akaitwa *bilulu*, wadudu. Hilo lielezwe kwa vijana kama lilivyokuwa, ngazi ya kwanza ya kumfukuza mtu. Lisitumike kuchekesha.

Fanyeni duara la watu 12 mpaka 15 katika chumba kilichofungwa, wenye asili ya pande zote, kwa muda wa saa mbili basi. Simu zote ziingie kwenye kikapu mlangoni, maana sekunde 40 zilizokatwa kutoka maneno ya dakika kumi zinaweza kuzunguka mji mzima kabla ninyi hamjafika nyumbani. Kila mzee aseme alichokiona kwa macho yake, kwa "mimi", bila kutaja jina la jirani ambaye yeye au watoto wake wangali hai. Vijana wasikilize kwanza, maswali baadaye. Na kila anayesema aulizwe pia: nani alikuficha, nani alikutunzia ufunguo, nani aligawana nawe maji? Asipoulizwa mara nyingi hasemi, na bila hayo kijana anatoka akijua kabila tu.

Wekeni mama wawili karibu na anayesimulia. Akilia, msimharakishe wala msianzishe wimbo wa kumfunika. Siku mbili tatu baadaye mtu aende kumwona nyumbani. Hili kamati nyingi hulisahau, na mzee hubaki peke yake usiku na mambo aliyoyafungua. Kukiwa na kampeni ya uchaguzi, ahirisheni.

Ninafundisha Kenya. Wanafunzi wanataka kuigiza ugomvi wa makabila mawili. Ninaogopa.
*Mwalimu*

Mwalimu, hofu yako ina msingi. Msiigize makabila. Igizeni kisima, deni, kiwanja, mahari, na wahusika wapewe majina yasiyotambulika asili. Fuateni namna ya Augusto Boal, Mbrazili: mchezo mfupi wa dakika 10 unaomalizika vibaya, kisha unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!", akaingia mahali pa mhusika na kujaribu njia nyingine. Aingie mahali pa anayeonewa, si pa mwonevu, maana mwonevu akigeuka mwema ghafla hakuna alichojifunza mtu. Mwongozaji asiwasifie watazamaji suluhisho. Awaulize tu: hili lingewezekana kwenye avenyu yenu?

Mwanasiasa mmoja anataka kutupatia tisheti 200, na watu wanatudai pesa ya transport. Tufanye nini?
*Katibu wa kamati, Komini Annexe*

Tisheti zikiwa na jina, sura au rangi yake, zikataeni kwa barua ya shukrani, mapema, kabla hajazichapisha. Akitaka kusaidia, alipe sono au bido za maji, na jina lake lisomwe pamoja na la mama aliyeleta kuni, kwa sauti ileile.

Pesa ya transport: wapeni tu wenye kazi ya siku nzima na wanaotoka mbali, kiasi kimoja kwa wote, wakitia sahihi kwenye orodha inayobandikwa mlangoni kesho yake. Mkigawa kwa kificho, ugomvi wa kwanza wa siku ya amani utakuwa ndani ya kamati. Kama hela haitoshi kwa watu wa mbali, hamisheni shughuli karibu nao. Hata uwanja wa shule unatosha.