Muulize Shangazi: "Vumilia" wameniambia, nivumilie vipi?

Mvua hizi zimekuja na meseji nyingi, na karibu zote zina neno moja ndani: vumilia. Mtu kaambiwa na mama mkwe, kaambiwa na mchungaji, kaambiwa hata na mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Nimechagua sita, nimezifupisha, na nimegeuza vitu vidogo vidogo ili jirani asimtambue mwenye swali.

Shikamoo shangazi. Nauza chakula stendi. Mwanangu aliugua nikachukua mkopo wa kausha damu, hii ya riba kubwa. Sasa nina mitatu, huu unalipa ule. Kila saa tisa usiku naamka moyo unakwenda mbio, napiga hesabu mpaka adhana ya alfajiri. Nifanyeje niwe na moyo mgumu? — Mama wa masufuria, Mbagala

Marahaba mwanangu. Moyo mgumu utakusaidia nini? Wewe unahitaji daftari. Saa tisa usiku hesabu haipigiki. Deni la laki tatu gizani linakuwa milioni.

Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa afya ya akili anayeitwa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mtaani kukaa na wenye shida kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema "ana mawazo", tena kwa sauti ya chini. Bibi wa benchi hahubiri. Anakuacha utaje shida zako zote, halafu anauliza: tuanze na ipi? Moja tu. Mnatafuta hatua ya wiki hiyo, unakwenda kuijaribu, unarudi kumwambia imekuwaje. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi tukae benchi, mimi na wewe. Andika wadai wako watatu. Kwa kila mmoja: ulipokea mkononi shilingi ngapi, umesharejesha ngapi, marejesho ni lini, na ameshika nini chako, friji au kadi ya benki. Nakuhakikishia hujawahi kuyaona yote kwenye ukurasa mmoja. Mkopo wa nne usichukue, hata akija mtu kwa maneno matamu. Kisha nenda kwa yule anayekunyonya zaidi, usiende peke yako, nenda na mwenzako wa kikoba au mjumbe, muombe akupunguzie rejesho la kila siku na muda urefuke, na mkikubaliana iandikwe. Muulize na leseni yake. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha watu kama biashara kunataka leseni, na Benki Kuu ndiyo msimamizi. Wengine wakisikia swali hilo tu lugha inakuwa laini.

Na ule usiku? Weka kalamu karibu na kitanda. Wazo likija, andika mstari mmoja, halafu uliambie: kesho saa kumi jioni. Saa kumi, masufuria yakishaoshwa, kaa nusu saa uwaze hasa, bila aibu. Mbinu hii ya kuupa wasiwasi saa yake imejaribiwa na wataalamu tangu miaka ya 1980. Siku tatu za kwanza utaniona mwongo. Endelea.

Shangazi, nina digrii na huu mwaka wa tatu sina kazi. Kila tukila, baba ananitajia John Stephen Akhwari, kwamba aliumia na bado akamaliza mbio. Nimemchoka Akhwari. — Kijana wa Morogoro

Nimecheka, unisamehe. Umemchoka kwa sababu umesimuliwa nusu.

Marathoni ya Olimpiki, Mexico City, Oktoba 1968. Walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57, na Akhwari wetu akawa wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Hapo baba yako hajakosea. Lakini itazame vizuri ile picha: mguu una bandeji. Maana yake kuna mahali alisimama, akakubali watu wamfunge jeraha, ndipo akaendelea. Kwenye hotuba zetu bandeji hiyo haitajwi kabisa, utadhani alikimbia na damu mpaka mwisho. Wala hakuishia pale. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alishika nafasi ya tano kwenye marathoni.

Bandeji yako wewe ni kitu kidogo kinachokamilika kabla ya magharibi. Kuomba kazi hakukamiliki, ndiyo maana kunakula mtu. Zitengee barua za maombi asubuhi mbili kwa wiki, basi. Mtoto wa kaka yangu alikaa hivyohivyo, anashinda na simu, shati halipigwi pasi. Kilichomrudisha ni kufundisha hesabu watoto wa darasa la saba barazani kwetu, elfu moja kwa kichwa. Hela yenyewe ya vocha. Ila ikifika saa kumi kuna watoto saba wanamngoja, na akichelewa wanagonga dirisha.

Kwa baba, mtume mjomba amfikishie: nikisema nimechoka sijasema nimeacha.

Mume wangu ana miezi minane tangu afariki. Eda nimemaliza. Shemeji anasema kuendelea kulia ni kukufuru. Shati lake bado limetundikwa mlangoni. — Mjane, Tanga

Pole sana dada. Eda ni miezi minne na siku kumi na ina hukumu zake, lakini machozi hayakuwekewa tarehe. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika. Msomee shemeji hadithi hiyo, kwa adabu.

Shati liache. Swali langu ni jingine: unakula? Unakwenda kwenye shughuli za wenzako, hata kukaa pembeni tu? Kama jibu ni ndiyo, unalia kama mtu aliyependa. Ukiona unashindwa hata kuwasha jiko, au siku zinapita hujatoka chumbani, hapo nenda hospitali ukazungumze.

Kujiambia "niko sawa" mbele ya kioo kila asubuhi kunasaidia? — Anti wa Mwanza

Kama hauko sawa, hata kioo kinajua. Jaribu kalamu. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu miaka ya 1980 amewaandikisha watu yanayowauma, robo saa kwa siku, siku nne mfululizo. Siku ya kwanza unaweza kujisikia vibaya zaidi. Ukimaliza chana, usimpe mtu.

Dada yangu na mumewe ni ugomvi kila siku. Mtoto wao wa miaka tisa huja kwangu wikiendi. Naogopa ataharibika, na mimi si mzazi wake. — Mama mdogo, Moshi

Usidharau hizo wikiendi. Kisiwani Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Kati ya wale waliokulia kwenye shida nyingi, theluthi moja walikua vizuri, wenye kazi na familia. Wengi wao walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewashika: bibi, mwalimu, jirani. Halikuwa lazima awe baba wala mama.

Mpe sahani yake, na kuku wake wa kumlisha. Usimhoji ya nyumbani. Menyeni viazi pamoja, atasema mwenyewe. Ukiona alama za kipigo, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Shangazi, mwezi sasa sili, hata mpira siangalii. Natamani nilale nisiamke. Mke hajui. Mwanaume naanzia wapi? — Dodoma

Umeshaanza, mdogo wangu. Hali kama hiyo ikizidi wiki mbili, kitaalamu huwa tunaifikiria sonona. Ni ugonjwa, una tiba, ya mazungumzo au ya dawa au vyote viwili.

Leo hii mwonyeshe mkeo meseji uliyonitumia, kama ilivyo. Kama ndani kuna sumu ya panya au dawa za shamba, azitoe akaziweke kwa mtu mwingine. Kisha mwende wote. Hapo mjini mna Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na najua utani wa watu juu ya jina hilo. Waache na utani wao. Ukipenda anzia hospitali ya mkoa. Nimekuwa muuguzi miaka mingi na nimewaona wanaume wakifika mbele ya daktari wanasema "kichwa kinauma", wanarudi nyumbani na panadol. Wewe sema: natamani nilale nisiamke. Kumwambia daktari hivyo si kosa.

Namba yangu unayo. Ukitoka kwa daktari nitumie meseji, hata ya neno moja.