Swali la wiki, "Unaziamini kura za maoni za ugavana?" Ngoja niwaambie ya shemeji

Swali lenu limenigusa penyewe, maana mi nakaa New Jersey, Marekani, na huku tumeshayaona. Mnauliza kama tunawaamini wanaopiga simu kabla ya uchaguzi kutuuliza tutampa nani. Mi nauliza, wao wanatuaminije sisi tunaopokea?

Oktoba 2021 Phil Murphy, Mdemokrati, anatetea ugavana, mpinzani Jack Ciattarelli, Mrepublican. Shemeji katoka shifti ya usiku, kakaa jikoni kwetu anakula kiporo cha ugali na mchicha, simu ikalia, akaweka spika. Dada wa watu ana adabu kweli, anasoma maswali taratibu. Unajihesabu Mdemokrati, Mrepublican au huru? Shemeji akasema huru. Jamani, fomu yake ya kujiandikisha kupiga kura nilimjazia mimi, ni Mdemokrati! Nikamkodolea macho, akanipungia mkono ninyamaze. Utampa nani? Murphy. Utaenda kweli kupiga? "Lazima dada, lazima." Halafu akaanza kumuuliza kama kazi hiyo ya simu inalipa na kama wanaajiri. Alipokata nikamwambia mbona umedanganya, akasema shemeji, mtu simjui nimtajie chama changu ili iweje? Mgombea kamtaja lakini, sijui siri gani hiyo.

Sasa Novemba 2, siku yenyewe ya uchaguzi, kalala mpaka jioni, vituo vinafungwa saa 2 usiku, namgongea ananijibu Murphy anapita tu, si wameshasema?

Na kweli walisema. Chuo cha Monmouth kilimpa Murphy pointi 11 mbele, akashinda kwa 3 na ushee, tena alitangazwa kesho yake. Rais wa Seneti ya jimbo, Steve Sweeney, naye Mdemokrati, kaangushwa na dereva wa lori! Hili ni jimbo ambalo Wademokrati waliojiandikisha wanawazidi Warepublican zaidi ya milioni 1 mwaka ule. Mkuu wa kura za maoni za Monmouth, Patrick Murray, akaandika gazetini kukiri kakosea. Mi nikasema basi, sina habari nao tena, watu walimpenda waliyemtaja ila nani ataamka kitandani akapige kura, wapiga simu hawakujua.

Ila 2025 kura nyingi za maoni zikasema Mikie Sherrill, Mdemokrati, na Ciattarelli huyohuyo wanakaribiana, presha ikanipanda, Sherrill akashinda kwa zaidi ya pointi 13. Kosa likageukia upande wa pili. Na nikiandika hapa naona kama wangekuwa wanabeba chama fulani wangekosea upande uleule kila mara, kwa hiyo labda wanajitahidi tu, wabongo wenzangu ndo tunawadanganya.

Basi naziamini, ile namba ya jumla. Safu ya vyama, pale wanapogawa majibu chama kwa chama, hapana, hasa ya "huru", humo wamejaa akina shemeji, na ukichukua watu 800 ukawamega, huru wakabaki 200 hivi, kosa linaloweza kutokea, la pointi 3 na nusu kwa wote, kwao linakuwa kama 7. Hapo mtu anaongoza kwa 5 unashangilia nini? Labda kama kura za maoni kadhaa zinasema hivyohivyo, hapo sawa.

Ila wakinipigia mimi saa ya chakula sipokei.