Jibu: Gettier na ile "sababu nzuri"

Habari ndugu. Umeuliza: ukiamini jambo, likawa kweli, na una sababu nzuri, mbona mwanafalsafa Gettier (1963) anakataa kwamba hayo matatu yanatosha kusema unajua? Nilikwama hapohapo hadi nilipotunga mfano wangu.

Niko dukani kwangu Ngara, nauza. Simu inalia: shilingi 500 zimeingia. Kumbe ujumbe ni feki, wa tapeli aliyesimama mbele yangu ameshika unga. Lakini dakika ileile dada yangu amenitumia 500, na ujumbe wake umechelewa. Naamini pesa zimeingia, ni kweli, na sababu ninayo. Nilijua? Hapana, ukweli umeniangukia tu kwa bahati.

Kagua kwanza neno "sababu". Usikimbilie kusema yangu ilikuwa mbovu. Ukidai sababu isiyoweza kukosea kamwe, hata ujumbe halali hutaujua. Kusema imani isijengwe juu ya uongo kunatibu mfano wangu vizuri. Sasa jaribu kanuni hiyo kwa mfano wa mwanafalsafa Goldman (1976): dereva anaona ghala halisi na kuamini ni ghala, ila mengine yote pale ni kuta za mbele tu, zinazofanana na maghala. Hajajenga juu ya uongo wowote, na bado mimi nasita kusema anajua. Anzia hapo, kisha utuandikie ulipofika.